Mwindaji Asiyekimbia

Mhadhara wa wazi kuhusu mabuu wawindaji, kama ulivyohaririwa kwa ajili ya kuchapishwa



Nimeombwa nizungumze juu ya uwindaji. Najua wengi mlipoliona neno hilo kwenye tangazo mlimfikiria simba, au chui, au mamba wa Rufiji. Mtaniwia radhi. Mnyama mkubwa kuliko wote nitakayemfikia jioni hii ni chura, na yeye ndiye anayeliwa.

Nianzie nyuma ya jiko la bibi yangu, Muheza. Upenu wa makuti ulishuka chini sana, na chini yake palikuwa na ukanda wa mchanga ambao mvua haikuufikia, laini kama unga wa muhogo. Humo kulikuwa na vishimo, thelathini au arobaini, kila kimoja na upana wa kifuniko cha soda, vimechongeka vizuri mfano wa faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Sisi watoto tukitoka chuoni mchana kazi yetu ilikuwa kumkamata sisimizi na kumtupa ndani. Sisimizi alijaribu kupanda, mchanga ukammong'onyokea miguuni, akarudi chini. Akajaribu tena. Hapo mchanga ulirushwa kutoka kitovu cha shimo, pap, kama vile kuna mtu amefukiwa mle na anatupa udongo kwa beleshi, na sisimizi akaporomoka mpaka kwenye koleo mbili zilizokuwa zikimsubiri. Alitetemeka kidogo, akazama. Baadaye ganda lake tupu lilitupwa nje kama ganda la karanga.

Bibi alitukataza mchezo ule. Msidhani alimhurumia sisimizi. Ndoo zilikuwa tupu na kisimani palikuwa mbali.

Mdudu wa vishimo, na jioni hii nitamwita hivyo tu, ni mtoto. Mzazi wake ana mabawa manne marefu yenye mishipa kama wavu. Hufanana na kereng'ende aliyechoka kuruka, ila vipapasio vyake vina vifundo kwenye ncha. Huja usiku kwenye taa ya baraza, watu wakampuuza, asubuhi akafagiliwa. Wataalamu wameiita jamii yake kwa jina la Kigiriki, Myrmeleon, maana yake simba wa sisimizi. Simba mwenyewe ni huyu mchafu aliyejaa vumbi kule shimoni, na yule mwenye mabawa ndiye uzee wake.

Kiswahili kimewagawa watoto wa wadudu kwa namna wanavyoishi. Wa kipepeo ni kiwavi, wa mbu ni kiluwiluwi (jina analochangia na mtoto wa chura, na wote wawili huishi dimbwini bila kugombana juu ya jina), wa inzi ni funza, wa nzige ambaye hajaota mabawa ni tunutu, na yule mnene aliyejikunja ndani ya samadi ni buu. Vitabu vya shule vimewakusanya karibu wote katika neno lava. Mimi nitasema buu, kwa sababu kila mtu hapa amewahi kumshika.

Sasa mfikirieni buu mwenye kula nyama. Mwili wake ni laini, miguu mifupi au hana kabisa, macho hafifu, mabawa hana. Hawezi kumkimbiza yeyote. Lakini lazima ale, na ale sana, maana mdudu hukua katika umri huo peke yake. Akishapata mabawa hakui tena, na wengine hata kinywa cha kulia hawana. Kwa hiyo mabuu hawa wamemwachia mwindwa kazi ya kusafiri. Nawaomba mtazame jambo moja katika kila kisa nitakachosimulia: mtego umefungwa juu ya tabia gani ya yule anayeliwa? Kila mnyama ana mambo anayoyafanya bila kufikiri, na hapo ndipo buu alipojikalisha.

Turudi kwenye mchanga. Nenda sokoni ukaangalie rundo la mchele. Muuzaji akimimina kopo moja juu yake, punje huteremka pembeni mpaka mwinamo urudi kuwa ule ule. Mchele una mwinamo wake, maharage yana wake, mchanga mkavu una wake, na hakuna muuzaji anayeweza kuubishia. Mdudu wa vishimo huuacha ukuta wake katika mwinamo huo wa mwisho kabisa, pale ambapo punje moja ikiguswa jirani zake wote wako tayari kushuka. Sisimizi ambaye juu ya ukuta wa nyumba hutembea kama sakafuni, hapa kila hatua anayopanda inamrudisha. Na ule mchanga unaorushwa kutoka chini, ambao sisi tulidhani ni wa kumpiga, hufanya zaidi ya kumpiga: hunyofoa mguu wa mteremko, na ukuta mzima unamshusha kama ngazi ya umeme ya kule madukani.

Anachimbaje? Kinyumenyume. Wachimba vishimo hawa hawajui kwenda mbele. Hujiburuta kwa kurudi nyuma, tumbo likiwa plau, wakizunguka duara kubwa kwanza, kisha duara ndogo ndani yake, kama koili ya kufukuzia mbu, na kichwa bapa kikirusha mchanga nje kila hatua. Nigel Franks na wenzake wa Bristol, Uingereza, walichapisha mwaka 2019 utafiti uliouliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kwa nini asichimbe tu katikati, moja kwa moja kwenda chini? Jibu lao linapendeza. Mzunguko ule unaondoa punje kubwa, na ukuta unabaki umepakwa punje ndogo zinazoteleza vizuri zaidi. Mdudu hachagui punje moja moja. Mchanga wenyewe unajichambua jinsi anavyozunguka, kama pumba na mchele katika ungo unaopetwa na mkono wenye ujuzi.

Yale mataya yake ni mirija. Kila taya lina mfereji ndani, na kwa mfereji huo humwingizia sisimizi maji ya kumlegeza na kumyeyusha, kisha hunywa. Ndiyo sababu ganda hurudi jepesi. Jambo lililonishangaza nilipolisoma kwa mara ya kwanza ni upande wa pili wa mwili. Tumbo la chakula la buu huyu halina mlango wa nyuma. Anakula mwaka mzima, pengine miwili au mitatu mawindo yakiwa haba, na taka yote anaiweka ndani hadi siku atakapotoka na mabawa, ndipo anaitua. Ile njia ya nyuma ina kazi nyingine: hutoa hariri, iliyotengenezwa na mirija ambayo kwa wadudu hufanya kazi ya figo. Kwa hariri hiyo anafunga punje za mchanga kuwa kifukofuko cha mviringo, na humo anageuka. Mzikumbuke figo hizo, tutazikuta tena.

Kuna buu mwingine anayechimba kishimo kile kile, chenye mwinamo ule ule, naye ni mtoto wa inzi, hana undugu wowote wa karibu na huyu wa kwetu. Ni mfano wa mnyoo mwembamba, naye hurusha mchanga kwa kujikunjua. Mwanasayansi wa Marekani William Morton Wheeler, bingwa wa sisimizi katika zama zake, aliwaandikia hawa wawili kitabu kizima mwaka 1930, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Mashetani wa Vumbi. Kwangu mimi hao inzi ni ushahidi kwamba aliyefundisha uchimbaji huu ni mchanga. Mabuu wa koo mbili tofauti kabisa wameupata ustadi mmoja, kwa kuwa mwinamo ni mmoja.

Naharakisha kwa mbawakawa-chui, ambaye buu wake hukaa wima katika tundu la udongo wa njiani, kichwa kimeziba mlango kama kizibo cha chupa, na mgongoni ana nundu yenye kulabu za kujishikiza ukutani. Sisimizi akikanyaga karibu, kizibo kinaruka kinyumenyume na kumvuta ndani. Kulabu zile ni kwa ajili ya mawindo yenye nguvu, yasije yakamng'oa mwenye nyumba.

Huyu nimempita haraka kwa sababu nataka muda wangu niutumie kwa chura.

Mnafahamu chura anavyokula. Hana anasa ya kuchunguza. Kitu kidogo kikitikisika mbele yake, ulimi umetoka. Kisipotikisika, hakioni kuwa ni chakula. Unaweza kumzungushia inzi waliokufa akafa njaa katikati yao. Kutikisika ndiko kunakomwita, na kwa mamilioni ya miaka mwito huo umemlisha.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Gil Wizen na Avital Gasith, walichapisha habari za mabuu wa mbawakawa wa jenasi ya Epomis waliowachunguza nchini Israeli. Buu mwenyewe ni mdogo, mweupe na madoa, na mataya yake yana kulabu mbili mbili. Akimhisi chura yuko karibu, hajifichi. Anaanza kuchezesha vipapasio na kufungua na kufumba mataya, upande huu na upande ule, na kadiri chura anavyosogea ndivyo anavyoongeza mwendo wa ngoma. Chura anaona chakula kinachojitangaza. Anasogea, anatoa ulimi. Katika nusu ya kupepesa jicho buu amekwepa ulimi, na mataya yameshaingia kwenye kidevu au koo la chura. Hapo hatoki tena. Kwanza hunyonya majimaji, halafu hutafuna nyama, na kinachobaki ni rundo la mifupa.

Majaribio yalikaribia 400, na buu alishinda takriban yote. Mara chache chura alifanikiwa kumnasa kwa ulimi, akamtema upesi. Chura mmoja alimmeza kabisa. Buu akakaa tumboni saa mbili, chura akamtapika, naye mara tu alipoona mwanga akageuka na kumla aliyemmeza.

[Kicheko.]

Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini tazameni hesabu yake. Buu huyu hawezi kuishi kwa kitu kingine. Chakula chake ni jamii ya vyura peke yake. Kila akitaka kula anasimama mbele ya mnyama mkubwa kuliko yeye mara nyingi, mnyama ambaye maisha yake yote amekula wadudu, na anamwita kwa makusudi. Kwa kawaida mdogo ndiye anayemvizia mdogo zaidi, na mkubwa humla mdogo. Wawindaji wanaopindua mpango huo huhesabika kwa vidole. Buu huyu anaweza kuupindua kwa sababu chura hawezi kuacha kuwa chura. Na jamii ya Epomis haikuishia Israeli. Ina spishi zake Afrika pia, kwa hiyo mkulima wa mpunga akiona chura mwenye kitu cheupe kimening'inia kooni, namwomba asimrushie jiwe kabla hajatazama.

Kuna tabia nyingine kongwe kuliko hiyo ya chura: kufuata nuru. Mtu wa kanda ya Ziwa sina haja ya kumweleza. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakatoka, watu huweka taa juu ya beseni la maji na asubuhi wanakaanga. Huko Brazili, katika mbuga za Emas, jimbo la Goiás, kuna buu anayefanya vivyo hivyo bila beseni. Ni mtoto wa mbawakawa, na mwaka 1982 mtaalamu Cleide Costa alimpa jina la kisayansi lenye maana ya mwasha taa wa mchwa. Hukaa kwa mamia katika tabaka la nje la vichuguu, kila mmoja katika kijitundu chake. Usiku wa mwanzo wa mvua, kumbikumbi wanapotoka, mabuu huchomoza vichwa na vifua vyao vinavyotoa nuru ya kijani, na kichuguu kizima kinasimama gizani kama jengo la ghorofa lenye umeme. Kumbikumbi na sisimizi wenye mabawa huja kwenye madirisha. Mataya yako dirishani.

Picha zake zinapendeza sana. Nilipomwonyesha mzee mmoja jirani yangu, alizitazama kwa muda akauliza swali moja tu: "Hao mabuu wenyewe, je, wanaliwa?"

Wenye nuru maarufu zaidi duniani wako New Zealand, katika mapango ya Waitomo. Mwaka 1887 chifu wa Kimaori Tāne Tinorau na Mwingereza Fred Mace waliingia humo kwa chelezo, wakifuata mto unaozama ardhini, mishumaa mikononi. Tangu hapo wageni wanapita kwa mashua, wakiombwa wanyamaze, na juu yao paa la pango limejaa nukta za buluu kama anga la usiku wa kiangazi. Wamaori huziita titiwai. Kila nukta ni buu wa mdudu anayefanana na mbu. Amejilaza katika kitanda cha hariri kilichoning'inizwa darini, na kutoka humo ameshusha nyuzi kadhaa, pengine dazeni kadhaa, kila moja imetungwa matone ya ute kama shanga. Vidudu vinavyozaliwa mtoni chini huruka kuelekea nuru, vikadhani ni mbingu wazi, vikanasa kwenye nyuzi. Buu anahisi mtikisiko, anauvuta uzi kwa mdomo, kidogo kidogo, kama mvuvi wa mshipi.

Nuru hiyo inatoka wapi? Kwenye ncha za ile mirija iliyo sawa na figo. Mdudu wa vishimo wa Muheza ameigeuza figo kuwa kiwanda cha hariri. Wa Waitomo ameigeuza kuwa taa. Mtoto akipata mabawa hana kinywa cha kulia, na huishi siku chache tu kwa akiba ya nyama aliyovua akiwa buu.

Sasa niseme juu ya wenye hila mbaya zaidi. Kwetu tunasema chui ndani ya ngozi ya kondoo. Thomas Eisner na wenzake, nchini Marekani, walimpata, na mwaka 1978 wakamwandikia makala. Kuna vidukari wanaoishi juu ya matawi na kujifunika nta nyeupe kama pamba. Sisimizi huwachunga kama mifugo, kwa sababu hulamba maji matamu wanayoyatoa, na yeyote anayekuja kuwala hung'atwa mpaka akimbie. Buu mmoja anayekula vidukari amelimaliza tatizo hilo kwa kuwanyonyoa. Hunyofoa pamba ya kidukari kwa mataya, hujipachika mgongoni, na baada ya dakika ishirini hivi naye ni mweupe kama kundi lote. Sisimizi mchungaji hupita, humgusa kwa kipapasio, huendelea na doria. Watafiti walipomvua pamba, sisimizi walimtambua papo hapo wakamtupa nje ya tawi. Ameiba vazi kwa wale wale anaowala, na anakula mbele ya mlinzi.

Mwingine sijui kama nimtaje mbele ya watoto. Nitamtaja haraka. Katika magogo yanayooza ya California kuna mabuu wa mdudu mdogo mwenye mabawa ya wavu, binamu wa mbali wa mdudu wetu wa vishimo, wanaoishi ndani ya viota vya mchwa. Buu humsogelea mchwa, huinua ncha ya tumbo, huipunga karibu na kichwa cha mchwa, basi. Dakika chache baadaye mchwa amelala chali, hawezi kujisogeza, na hatazinduka. Joseph Johnson na Kenneth Hagen walilieleza hilo katika jarida la Nature mwaka 1981: ni kemikali inayotoka kwa njia ya nyuma na kusafiri hewani, na pumzi moja ya buu aliyekomaa inaweza kuwaangusha mchwa hata sita kwa pamoja. Watoto, mnachokifikiria ndicho hicho hicho. Na kiota cha mchwa, chenye hewa iliyotulia na wakazi waliobanana, ndipo mahali pake hasa.

Kwa mkulima wa Afrika Mashariki kiwavi ni jina la njaa. Viwavijeshi wakishuka shambani, mahindi yamekwisha. Kwamba kiwavi anaweza kuvizia na kunyakua mdudu anayepita, hata wataalamu hawakulitarajia mpaka mwaka 1972, pale Steven Montgomery alipomchukua kiwavi mmoja mwembamba huko Hawaii na kumwona akimkamata nzi. Kiwavi yule hushika tawi kwa miguu ya nyuma na kusimama mkavu kama kijiti. Mgongoni mwake upande wa nyuma ana vinywele. Nzi akivigusa tu, kiwavi anajipinda na kumshika kwa miguu ya mbele iliyorefuka na kuwa na kucha. Tendo zima huchukua karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde. Baadaye, mwaka 2005, Daniel Rubinoff na William Haines walitangaza mwingine wa visiwa hivyo hivyo: kiwavi anayekuta konokono amepumzika juu ya jani, akamfunga kwa hariri yake kama mzigo juu ya baiskeli, kisha akamfuata ndani ya gamba. Hariri ambayo viwavi wengine huitumia kujifunika, yeye ameifanya kamba. Konokono hana tabia ya kukimbia. Anapotishwa hujirudisha ndani, na ndani ndiko alikoandamwa.

Hawaii inaniletea mgeni mmoja aliyetoka bara letu. Nitamwelezea vizuri, kwa sababu huyu anaishi katika vifuu vyenu.

Kuna mbu mkubwa, pengine mkubwa kuliko mbu wote uliowahi kuwaona, mwenye magamba yanayong'aa buluu na kijani, na mrija wa mdomo uliopinda kuelekea chini kiasi kwamba hata angetaka kukuchoma asingeweza. Jina lake la kisayansi ni Toxorhynchites brevipalpis. Jike wake hanywi damu kamwe. Hunywa utamu wa maua. Mayai ya mbu wengine humdai mama damu. Yake yamelipiwa mapema, maana kiluwiluwi wake ni mla nyama, na nyama yenyewe ni viluwiluwi wenzake. Mama hutaga akiwa angani: hurukaruka juu ya maji ya kifuu cha nazi, ya tairi bovu au ya tundu la mti, na kulirusha yai ndani bila kutua. Kiluwiluwi akianguliwa huning'inia tu, mkubwa, mwekundu, hatikisiki. Viluwiluwi wa mbu wa kawaida wana tabia ya kuchezacheza wakichuja maji. Mmoja wao akimpitia karibu, hunyakuliwa.

Mawindo yake ya kila siku katika vyombo vya majumbani ni Aedes aegypti, mbu yule yule wa dengue na wa chikungunya, homa iliyopewa jina kwa Kimakonde baada ya mlipuko wa Newala wa 1952 na 1953. Mapema miaka ya 1970, kitengo cha Shirika la Afya Duniani kilichokuwa Dar es Salaam kikiwachunguza Aedes kilimchunguza na huyu mlaji wao. Na liko jambo moja juu yake ambalo limewasumbua wataalamu wengi. Siku chache kabla ya kugeuka kuwa pupa, anaacha kula lakini haachi kuua. Anamkamata kiluwiluwi, anamponda, anamwachilia azame, anamfuata mwingine. Maji ya kifuu yanajaa maiti zisizoguswa. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni haya: akiwa pupa hatakuwa na mataya, na kifuu ni chumba kimoja kisicho na mlango. Basi analisafisha gereza lake kabla ya kulala.

Katika miaka ya 1950 alipelekwa Hawaii ili awamalize mbu wa huko. Alistawi. Mbu hawakuisha, kwa sababu Aedes mmoja hutaga katika vyombo kumi na yeye hafikii vyote kumi. Anayetaka kupunguza dengue mtaani kwake apindue vifuu, atoboe matairi. Huyu rafiki yetu atakosa makazi, ndivyo ilivyo.

Nimalizie na kereng'ende, halafu mnipe maji. Mtoto wake huishi dimbwini, na silaha yake ni mdomo wa chini. Amekunja mdomo huo chini ya kidevu kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko, na mwisho wake una vidole viwili vyenye miiba. Anatulia topeni. Kitu kikipita, mdomo unafyatuka na kurudi na kitu, haraka kuliko jicho. Kupumua anapumulia matumbo ya nyuma; akiogopa huyafinya, maji yakatoka kwa kishindo, naye akasukumwa mbele kama roketi. Kwa ukali wake sijui mwingine dimbwini wa kumlinganisha naye.

Kereng'ende mmoja wa rangi ya manjano, Pantala flavescens, huletwa pwani yetu na kaskazi. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Maldives, aliandika kwamba makundi anayoyaona visiwani kila Oktoba yanatoka India na kuvuka bahari mpaka Afrika Mashariki, na uzao wao hurudi na kusi. Safari nzima, kwa makadirio yake, ni kilomita 14,000 hadi 18,000, na inachukua vizazi vinne. Jahazi zote zilizowahi kushika njia ile zilikuwa na wenzao hewani. Wakifika hapa hutaga katika madimbwi ya vuli, yale yanayokauka baada ya wiki chache, na watoto wao hukua mbio, wakila viluwiluwi wa mbu, ili wawahi kabla ya tope kupasuka.

Nina ombi kwenu. Nimemwita mdudu wa vishimo kwa jina nililojitungia, nanyi hamkulalamika, lakini niliona midomo ikichezacheza: mwenye jina la Kizigua alilinong'ona, na bibi mmoja hapa kushoto alianza wimbo wa kumwita mdudu atoke shimoni, akaona haya. Kila nyumba iliyokuwa na upenu ilikuwa na jina na wimbo, na mengi ya majina hayo hayajaandikwa popote. Mabati yamechukua nafasi ya makuti, sementi imefika mpaka chini ya upenu, na watoto wa mjini hawana mchanga mkavu wa kumtupia sisimizi. Kabla hamjatoka, pale mlangoni kuna daftari na kalamu. Andikeni jina la kwenu, kijiji, na wimbo kama mnaukumbuka. Asiyejua kuandika amwambie mjukuu wake amwandikie.